Ukuta wa nguzo za kupishana: mwongozo kamili wa kuzuia sauti katika chumba cha chini ya ardhi

Ukuta wa kawaida wa mbao ni ngoma yenye ngozi mbili. Bodi ya jipsamu huku, bodi ya jipsamu kule, na katikati nguzo zilizozishika zote mbili kwa skrubu. Mtu akiongea upande mmoja, bodi iliyo karibu naye inatetema, nguzo zinaupokea mtetemo ule, na bodi ya pili inauimba upya kwa aliye upande wa pili. Ndiyo maana wengi waliojaza pamba ya kioo au ya mawe kwenye ukuta wa namna hiyo hushangaa kuona hela imekwenda na sauti bado inapita. Pamba inapambana na sauti iliyo hewani, kati ya nguzo na nguzo. Mtetemo unaopita ndani ya mbao hauigusi pamba hata kidogo.

Ukuta wa nguzo za kupishana unaikata njia hiyo ya mbao. Chini na juu unaweka mbao pana ya 2×6 (kwa inchi), halafu unasimamisha nguzo nyembamba za 2×4 kwa zamu: moja imesogezwa ukingo wa chumbani, inayofuata ukingo wa nje, tena chumbani, tena nje. Bodi za chumbani zinafungwa kwenye nguzo zao, bodi za nje kwenye nguzo zao, na hakuna nguzo inayogusa bodi za pande zote mbili. Kazi nzima iliyobaki ni kulinda utengano huo usiharibiwe na skrubu, kipande cha mbao, kisanduku cha soketi au ufa.

Ukuta wangu wa kwanza wa aina hii niliuharibu kwa mazoea. Nilisimamisha nguzo vizuri, kisha nikapigilia vipande vya kulala katikati ya urefu kutoka nguzo hadi nguzo, kama nilivyozoea kufanya kwenye kila ukuta, ili nguzo zisipinde. Vipande vile viliunganisha safu mbili kuwa moja. Niligundua baada ya bodi kufungwa na rangi kupakwa, nikiwa nimekaa upande wa pili nikisikia kila neno. Ilibidi nibomoe upande mmoja mzima.

Kabla ya kununua mbao: sauti inakwenda wapi?

Chumba kilicho chini ya ardhi kina bahati moja. Kuta zake za nje ni zege lililoegemea udongo, na kwa upande huo huna kazi ya kufanya kuhusu sauti. Njia za sauti zinabaki mbili: ukuta unaokitenga chumba na sehemu nyingine ya chini, yaani ngazi, chumba cha mashine au sehemu ya kufulia, na dari, inayokwenda moja kwa moja kwa watu wanaoishi juu.

Hapa ndipo watu wanapokosea. Anayelalamika yuko sebuleni juu, wewe unajenga ukuta kuelekea ngazi. Washa redio chumbani kwa sauti utakayotumia kawaida, panda juu, zunguka polepole. Weka sikio kwenye sakafu, kwenye matundu ya hewa ya kupasha joto, kwenye mlango wa ngazi. Kama sauti inatoka sakafuni, dari ndiyo ya kushughulikia kwanza au kwa pamoja na ukuta, na ukuta peke yake hautampa mtu wa juu nafuu yoyote anayoweza kuisikia. Kama inatoka kwenye bomba la hewa, hata dari na ukuta vikijengwa, bomba litaendelea kuwa simu kati ya vyumba viwili.

Utegemee nini

Nguvu ya ukuta kuzuia sauti hupimwa kwa STC huko Marekani, na kwa Rw huko Ulaya. Ukuta wa nguzo za kawaida, bodi moja kila upande, bila pamba, uko kwenye STC ya 33 hivi. Kwa kiwango hicho maneno ya mazungumzo yanasikika na kueleweka. Ukiongeza pamba unapata pointi chache tu, kwa sababu mbao bado zinabeba mtetemo. Ukuta wa nguzo za kupishana wenye pamba na bodi moja kila upande unakufikisha kwenye STC ya 45 hivi. Ukiweka bodi mbili kila upande na kuziba vizuri, unavuka 50. Hapo mazungumzo hayasikiki, na mtu akipiga kelele unajua tu kwamba kuna mtu.

Ukumbuke kwamba desibeli 10 zikipungua, sikio linasikia kama sauti imepungua nusu. Kutoka 33 hadi 52 ni tofauti kubwa kuliko namba inavyoonekana.

Lakini STC inaanza kuhesabu kwenye hezi 125, yaani mitetemo 125 kwa sekunde. Besi ya spika kubwa na ngoma ya mguu ziko chini ya hapo. Ukuta wowote wenye tabaka mbili na hewa katikati una mahali pake pa udhaifu, ambapo hewa hufanya kazi kama springi na tabaka mbili zikadunda pamoja. Kwa bodi moja kila upande, yenye uzito wa kilo 10 hivi kwa mita ya mraba, na nafasi ya milimita 140, udhaifu huo uko karibu na hezi 70. Ukiweka bodi mbili kila upande unashuka hadi karibu 50. Kwa hiyo ofisi, chumba cha kulala, sinema ya nyumbani ya kiasi, gitaa, piano: jenga ukuta huu. Mpiga drums wa usiku anahitaji fremu mbili zilizoachana kabisa, kila moja na mbao yake ya chini na ya juu. Kwa bodi mbili za milimita 12.5 kila upande, ukuta wa kupishana unakula milimita 190 za chumba, na ule wa fremu mbili unakula 250 au zaidi. Hiyo tofauti ya sentimita 6 ndiyo sababu kubwa ya watu kuchagua nguzo za kupishana, pamoja na mbao kidogo na kazi fupi.

Unyevu kwanza

Zege la chini ya ardhi hunywa maji kutoka kwenye udongo. Pamba ikilowa inalala, jipsamu ikilowa inaota ukungu, na harufu yake utaishi nayo miaka. Kata kipande cha nailoni nzito cha sentimita 45 kwa 45, kibandike sakafuni kwa tepu kingo zote nne, kiache saa 16 au zaidi. Ukikifunua ukakuta matone chini yake, au zege limegeuka rangi, sakafu inatoa unyevu. Rekebisha mifereji ya nje, mteremko wa udongo au nyufa za ukuta kabla ya kuleta mbao yoyote.

Mbao ya chini iwe iliyotiwa dawa, na skrubu zake ziwe za zinki nzito, kwa kuwa dawa hizo hula chuma cha kawaida. Kama sehemu ya ukuta wako inapita mbele ya ukuta wa nje wa zege, acha nafasi ya milimita 25 au zaidi kati yao, na usibane pamba kwenye zege baridi. Hewa ya chumbani ikipenya hadi pale itageuka maji.

Vifaa

Mbao za 2×6 kwa chini na juu, mbao za 2×4 kwa nguzo. Pima ulizonazo. Zilizopigwa randa za Marekani na Kanada ni milimita 38 kwa 140 na 38 kwa 89. Kwingine utapata za 50 kwa 150 na 50 kwa 100. Kwa vyovyote, kati ya mgongo wa nguzo na bodi ya upande wa pili inabaki nafasi ya milimita 50 hivi, nayo ndiyo uliyoinunua. Chagua mbao kavu na zilizonyooka. Nguzo iliyopinda milimita 20 imekula karibu nusu ya nafasi hiyo.

Mkanda wa sponji wa upana wa mbao ya 2×6, wa kulaza chini na juu. Pamba ya mawe au ya kioo. Bodi za jipsamu, na zile nzito za milimita 16 ni bora kwa sababu uzito wenyewe unazuia sauti. Sili ya sauti, ile inayobaki laini kama ulimbo miaka yote, na nunua nyingi kuliko unavyofikiri, maana kila tabaka la bodi lina mzunguko wake wa kuziba. Putti isiyokauka kwa visanduku vya soketi. Skrubu za zege, za mbao na za jipsamu. Drili ya nyundo, pimamaji ndefu, uzi wa chaki, msumeno, barakoa na miwani. Vumbi la zege lina silika, na silika haina mchezo na mapafu.

Usinunue shuka za sponji zenye vijipembe zile zinazobandikwa ukutani. Hizo hupunguza mwangwi ndani ya chumba, na hazizuii sauti kupita ukutani. Bodi za povu gumu nazo ni za kuzuia baridi, kwa sauti ni nyepesi mno.

Kuchora

Piga mstari wa kwanza wa chaki sakafuni, wa pili sambamba nao kwa umbali wa upana wa mbao ya 2×6. Panda na timazi hadi darini, au tumia pimamaji ya leza, upige mistari hiyo hiyo juu.

Tazama boriti za dari. Kama zinakatiza ukuta wako, mbao ya juu itafungwa kwa kila boriti, na nafasi zilizobaki kati ya boriti na boriti juu ya ukuta ni madirisha wazi. Ziba kila moja kwa kipande cha mbao au jipsamu kilichokatwa kwa kipimo chake, kwa sili pande zote. Kama boriti zinakwenda sambamba na ukuta, pigilia vipande vya kulala kati ya boriti mbili kila milimita 600 ili mbao ya juu ipate pa kushika. Kama tayari kuna dari ya bodi inayopita juu ya vyumba vyote viwili bila kukatika, ikate kwenye mstari wa ukuta. Bodi hiyo moja ingebeba mtetemo juu ya ukuta wako kama mtu anayeruka ua.

Kama ukuta utabeba uzito wa nyumba, simama hapo umwite mhandisi. Mwongozo huu ni wa ukuta wa kugawa tu.

Sasa nguzo. Laza mbao ya chini na ya juu ubavu kwa ubavu, uziwekee alama pamoja. Mimi napenda umbali wa milimita 600 kati ya nguzo na nguzo za upande mmoja, maana bodi zilizoshikwa mbali mbali zinazuia sauti vizuri zaidi kuliko zilizobanwa kila sentimita 40. Upande wa chumbani, vituo vya nguzo viwe kwenye 600, 1200, 1800, 2400, vikipimwa kutoka mwisho wa ukuta. Upande wa nje viwe kwenye 300, 900, 1500, 2100. Andika C kwa chumbani na N kwa nje kwenye kila alama, tena kwa herufi kubwa, kwa sababu saa ya tatu ya kazi macho yanachoka.

Kwa nini herufi? Bodi ina upana wa 1200. Upande wa chumbani bodi ya kwanza nzima inaishia kwenye 1200, katikati ya nguzo ya C, vizuri. Upande wa nje bodi nzima ingeishia kwenye 1200 pia, na pale hakuna nguzo ya N. Kwa hiyo upande wa nje unaanza na bodi iliyokatwa kwa 900, kisha inayofuata inaishia 2100, na mambo yanakwenda. Asiyelijua hili mapema huishia kusimamisha nguzo za ziada katikati ya kazi, akiziweka popote palipo na nafasi.

Miisho ya ukuta ina jaribu lake. Ni rahisi kusimamisha mbao moja ya 2×6 mwishoni, ishike bodi za pande zote. Usifanye. Simamisha nguzo ya C ikigusa ukuta wa jirani, kisha nguzo ya N pembeni yake, ukiacha upenyo wa milimita 10 kati yao. Ni mbao moja zaidi, na daraja limeondoka.

Kusimamisha

Ukutani kwingine watu hujenga fremu ikiwa imelala sakafuni kisha huisimamisha. Chini ya ardhi hilo linagoma. Fremu ya kimo cha milimita 2400 na unene wa 140 ina urefu wa 2404 kutoka pembe hadi pembe, kwa hiyo wakati wa kuinuka itakwama darini. Ukiikata fupi, utabaki na ufa juu utakaouziba kwa kabari na matumaini. Isitoshe sakafu za chini ya ardhi mara nyingi zina mteremko. Funga mbao ya chini na ya juu kwanza, kisha kata nguzo moja moja kwa kipimo cha mahali pake.

Fagia sakafu, vuta vumbi. Mwaga mistari miwili ya sili kwenye zege, laza mkanda wa sponji, juu yake mbao ya chini. Toboa kupitia mbao hadi kwenye zege kila milimita 600, na sentimita 10 hivi kutoka kila mwisho. Shimo liwe refu kuliko skrubu kwa milimita 12, ulipulize vumbi lake, vinginevyo skrubu itagota kabla haijabana. Skrubu ya milimita 75 inatosha kwa mbao ya 38. Kabla ya kutoboa, hakikisha hakuna mabomba ya maji ya moto ndani ya sakafu. Kama huna uhakika, tumia gundi ya ujenzi mahali hapo uache drili.

Mbao ya juu nayo ipate sponji na sili kati yake na boriti, au kati yake na sakafu ya juu.

Kila nguzo ikatwe iingie kwa kugongwa kidogo na kiganja. Ikihitaji nyundo nzito itapinda baadaye. Ikitikisika, itakuja kulia. Ifunge kwa skrubu za mshazari, mbili ubavu mmoja na moja ubavu wa pili, chini na juu, ukihakikisha uso wake uko sawa kabisa na ukingo wa mbao pana. Mbao ikiwa na mgongo kidogo, elekeza mgongo nje kuelekea bodi yake, kamwe usielekeze ndani.

Ukihitaji vipande vya kulala kwa ajili ya rafu au televisheni, viwekwe kati ya nguzo ya C na ya C inayofuata, vikiwa bapa nyuma ya bodi, visiguse nguzo ya N iliyo katikati yao. Kipande cha unene wa milimita 38 kilicholazwa bapa kinapita mbele ya nguzo ya N kwa sentimita moja na kidogo. Pima mwenyewe kabla ya kupigilia.

Ukimaliza, gonga nguzo ya C kwa nyundo huku mkono ukiwa juu ya nguzo ya N ya jirani. Utasikia mtetemo kidogo kupitia mbao ya chini na ya juu, hilo haliepukiki kwa ukuta wa aina hii. Ukihisi pigo kali katikati ya kimo, kuna mahali zimegusana. Ni rahisi kupatafuta sasa kuliko baada ya bodi.

Waya na soketi

Waya zipite kwenye safu moja tu ya nguzo. Waya uliokazwa kati ya safu mbili ni kamba ya gitaa. Uache ulegee kidogo. Visanduku vya soketi vya vyumba viwili visitazamane kamwe. Viachanishe kwa milimita 600 au zaidi, ili pamba iwe katikati yao. Vifungwe nyuma na ubavuni kwa putti isiyokauka, na kila tundu la kuingilia waya lizibwe. Kama unaweza kuhamishia soketi kwenye ukuta mwingine, au kuzifunga juu ya bodi kwa visanduku vya nje, ukuta utakushukuru. Kazi ya umeme yenyewe mwachie mwenye leseni, na ikaguliwe kabla hujafunga.

Pamba

Hapa kazi ni nyepesi. Njia ya kwanza ni kulaza shuka ndefu za pamba ya kioo kwa mlalo, zikipita mbele ya nguzo hii na nyuma ya ile, kama ukili unavyosukwa. Njia ya pili ni vipande vya pamba ya mawe vilivyokatwa kusimama kati ya nguzo. Zote zinafaa. Ijae bila kushindiliwa, maana pamba iliyokandamizwa hadi ikawa ngumu inaanza kuunganisha bodi na bodi. Isiachwe mifuko mitupu juu na pembeni.

Kanuni nyingi za ujenzi zinataka nafasi ya ndani ya ukuta huu ikatwe kila baada ya mita 3 hivi, kwa ajili ya moto. Ukuta ulio wazi kutoka mwisho hadi mwisho unapitisha moshi na miali upesi. Pamba iliyojazwa kikamilifu inakubalika sehemu nyingi kwa kazi hiyo, na hilo ni jibu zuri kwako, kwa sababu kipande cha mbao cha upana wa 2×6 kingeunganisha pande zote mbili. Muulize mkaguzi kabla hajakuuliza yeye.

Bodi

Anza na upande wa nje. Kila bodi iachane na sakafu kwa milimita 10, na kuta za pembeni na dari kwa milimita 6. Mianya hiyo ni ya makusudi, ndiko sili inakokwenda. Bodi iliyogusa zege inanyonya maji na inapokea mtetemo.

Tabaka la kwanza lifungwe kwa skrubu za milimita 32 kama bodi ni za 12.5, au 41 kama ni za 16. Ziba mzunguko mzima na maungio kwa sili. Tabaka la pili lihame, yaani maungio yake yasiangukie juu ya maungio ya kwanza, na skrubu ziwe ndefu zaidi kwa unene wa bodi, zikishika nguzo zile zile. Kwa upande wa nje, ukianza tabaka la kwanza na bodi ya 900, la pili lianze na ya 300. Ukipenda kuongeza gundi ile laini ya kumeza mtetemo kati ya tabaka mbili, upande mmoja tu tayari unaleta faida.

Kuna fundi atakayekushauri kuweka bodi ya tatu ndani, katikati ya ukuta, ili uwe mzito zaidi. Kataa. Inagawa nafasi moja pana kuwa mbili nyembamba, na kwa besi ukuta unakuwa dhaifu kuliko ulivyokuwa. Uzito wote uwekwe kwenye nyuso za nje.

Kuziba

Wahenga walisema penye udhia penyeza rupia. Sauti haihitaji rupia, inahitaji upenyo tu. Chukua ukuta wa mita 4 kwa 2.5, yaani mita 10 za mraba. Acha ufa wa milimita 3 chini kwa urefu wote. Eneo la ufa huo ni sentimita 120 za mraba, kama nusu ya ukurasa wa daftari. Ufa huo ukipenya moja kwa moja hadi upande wa pili, ukuta wako wa STC 52 hautaweza kuvuka 29, hata uongeze bodi ngapi. Umerudi chini ya ukuta wa kawaida usio na pamba.

Ziba kila tabaka, pande zote nne, wala usingoje la mwisho. Ufa wenye upana zaidi ya milimita 6 uwekewe kwanza kamba ya sponji, kisha sili juu yake. Mabomba yanayopita ukutani yatobolewe tundu kubwa kuliko yenyewe kwa milimita 6 kila upande, yazungushiwe sili laini, yasiguse bodi. Usitumie saruji wala putti ya rangi, maana hukauka, hupasuka na kurudisha ufa ule ule.

Kisha zima taa upande mmoja, weka taa kali upande wa pili, tembeza macho kwenye kingo zote. Panapopita mwanga panapita sauti.

Mlango na hewa

Mlango mwepesi wenye utupu ndani una STC ya 20 hivi. Uweke kwenye ukuta ule wa mita 10 za mraba, mlango wenyewe ukiwa na mita 2, sehemu iliyobaki ikiwa na STC 50. Ukipiga hesabu ya pamoja unapata 27. Badili uwe mlango mzito wa mbao tupu, wa milimita 44, wenye mpira pande tatu na kizibo kinachoshuka chini ukifungwa, tuseme 30, na jumla inapanda hadi 37. Ndiyo maana nasema pesa ya tabaka la pili la bodi na pesa ya mlango zipangwe siku moja. Inapowezekana, hamishia mlango kwenye ukuta usioelekea kwa wanaolalamika, au jenga milango miwili yenye nafasi katikati.

Fremu ya mlango inavuka unene wote wa ukuta, na isipoangaliwa itaunganisha pande mbili. Ifunge kwa skrubu kwenye nguzo za upande mmoja tu. Upande wa pili iachane na nguzo na bodi kwa milimita chache, pajazwe sili laini, na ubao wa pambo upigiliwe kwenye fremu peke yake.

Chumba kilichozibwa hivi hakipumui. Kiingize hewa kwa bomba lililofunikwa ndani kwa pamba, lenye kona mbili au zaidi, na lingine la kutolea hewa. Bomba lililonyooka ni tundu tu lenye jina zuri. Kama mtu atalala humo, kanuni nyingi zinataka pia dirisha au njia ya pili ya kutokea moto ukiwaka, na hilo lipangwe kabla ya nguzo ya kwanza.

Ukimaliza yote, rudia jaribio la redio kwa sauti ile ile na kutoka mahali pale pale ulipoanzia. Sikiliza kwa sikio karibu na soketi, chini ya mlango, kwenye kona za dari. Sauti ikitokea mahali pamoja, ni ufa: tafuta bunduki ya sili. Ikitokea ukuta mzima kwa ulaini, ndiyo kiwango cha ukuta wenyewe. Ikiwa ukuta umenyamaza lakini mtu wa juu bado anagonga sakafu kwa kisigino, chukua ngazi ukatazame boriti za dari.